Tiki ya Hatua ya Tatu

Asubuhi Mama Mdogo hazungumzi na mtu kabla hajazungumza na kadi zake. Huamka, hunawa uso, hufungua mlango wa chumba cha mbele ambacho ndicho karakana yake, kisha husimama mbele ya kopo kubwa la biskuti analozitunzia na kupekua kadi moja moja huku chai ikimpoa mkononi. Ukimwamkia wakati huo atakuitikia "Marahaba" bila kugeuka. Hata paka akilia, huitikiwa "Marahaba."

Mama Mdogo ni mdogo wake mama yangu, na ni fundi wa kompyuta. Kila kompyuta inayoingia kwake hupewa kadi iliyokatwa kutoka kwenye boksi la printa. Juu huandikwa mteja ni nani, chini huandikwa hatua za kazi, na mbele ya kila hatua huwa na kijisanduku kitupu. Hatua ikikamilika, unatia tiki.

"Fanya, angalia, ndipo utie tiki," huniambia. "Nina kompyuta kumi na moja na kichwa kimoja. Kujua ipi imefika wapi si kazi ya kichwa changu. Ni kazi ya kadi."

Mimi naitwa Kidole. Si jina la shule, ni la nyumbani. Nilipokuwa na miaka minne nilibonyeza kitufe cha kompyuta ya karani mmoja, ikazimika, na barua yake ya kurasa tisa ikaenda na maji. Sasa nina miaka kumi na miwili, najua kufungua kasha la kompyuta, kupuliza vumbi bila kulimeza, na kutofautisha skrubu za diski na za mfuniko kwa kuzigusa tu. Jina ndilo limekataa kukua.

Likizo iliyopita, siku ya Jumatatu, alikuja Mama Mkunga. Huyu ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, na hakosi kunikumbusha.

"Kidole! Njoo nikuone. Ulitoka na kelele wewe, mpaka wenzako wodini waliamka wote."

"Shikamoo, Mama Mkunga."

"Marahaba, mwanangu. Bado una kelele?"

"Zimepungua."

"Usimsikilize," alisema Mama Mdogo.

Mama Mkunga alikuja kwa ajili ya kompyuta ya kliniki. Ilikuwa imechoka. "Nikiiwasha asubuhi," alisema, "naenda kumzalisha mtu, namwosha mtoto, nanawa mikono, narudi, yenyewe bado inapiga miayo." Ndani yake mlikuwa na orodha ya wajawazito wote anaowahudumia: tarehe zao, damu zao, nani wa kuangaliwa kwa karibu. Ijumaa ndiyo siku yao ya kliniki, na bila orodha ile asingejua amwite nani kwanza.

Mama Mdogo alichungulia ndani, akapiga diski kwa kucha. Diski ndiyo ghala la kompyuta. Kila kitu hukaa humo. Hii ilikuwa ya zamani, nzito, na ilitoa mlio wa mtu anayesaga karanga.

"Tunaweka mpya, yenye kasi," alisema. "Orodha yako tunaihamishia humo."

"Na hii nzee?"

"Utapewa kwenye bahasha."

"Ifuteni kwanza. Siri za wanawake wa watu hazizururi kwenye bahasha."

Mama Mdogo akaliongeza hilo kwenye kadi, mwishoni.

Mchana aliingia Mjomba Miwani na diski mpya. Si mjomba wangu wa damu. Anauza vipuri katika kibanda kilicho nyuma ya ofisi ya posta, na huvaa miwani moja puani na nyingine kwenye paji la uso, ya akiba. Kila diski anayoiuza huifunga kwa gazeti na kuandika tarehe juu yake kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa mtu anayeandika cheti. Mama Mdogo ananunua kwake tangu alipofungua karakana, miaka tisa sasa. Mimi huniletea skrubu za ziada ndani ya kiberiti kitupu.

"Fundi mkuu," aliniambia siku hiyo, akinipa kiberiti changu, "mwambie msaidizi wako nimefika."

Msaidizi wangu, yaani Mama Mdogo, alicheka mpaka akakaa.

*

Jumanne Mama Mdogo aliitwa kwenye ofisi moja yenye printa tatu zilizogoma kwa pamoja. Alipokuwa anafunga mkoba wake alinitazama kwa muda, kisha akaitoa kadi ya Mama Mkunga na kuiweka mezani mbele yangu.

"Hii utaifanya wewe."

"Peke yangu?"

"Umenitazama nikifanya mara ngapi?"

"Mara ishirini."

"Basi fanya ya ishirini na moja. Hatua kwa hatua. Nikirudi saa kumi nitaijaribu."

Alipotoka tu, niliona kiti chake kimekuwa kirefu ghafla. Nilikaa.

Hatua ya kwanza: nakili mafaili ya mteja kwenye kompyuta ya karakana. Nikanakili, nikahesabu, nikatia tiki. Hatua ya pili: zima, chomoa umeme. Nikazima, nikachomoa, tiki. Hatua ya tatu: toa diski ya zamani.

Diski ile ilishikwa na skrubu nne. Tatu zilitoka bila maneno. Ya nne ilikuwa imelika kichwa. Bisibisi iliteleza juu yake, ikazunguka bure. Ilihitaji ile bisibisi nyembamba yenye ncha ya nyota, na bisibisi hiyo ilikuwa ndani ya mkoba wa Mama Mdogo, kwenye ofisi yenye printa tatu. Nilijaribu koleo. Nilijaribu kuibembeleza. Nilijaribu kuitukana kimoyomoyo. Haikutikisika.

Nilitazama saa ukutani. Nilitaka Mama Mdogo akirudi akute kazi imekwisha, mimi nimekaa na mguu mmoja juu ya mwingine, nasoma. Ndani ya kasha mlikuwa na nafasi ya diski ya pili, na waya wa pili ulikuwapo. Nikawaza: kwani ikibaki humo kwa sasa itanidhuru nini? Nitafunga mpya kando yake, niendelee, na bisibisi ikirudi nitaitoa. Mwisho wa yote itakuwa imetoka. Tofauti ni saa mbili tatu tu.

Nikatia tiki hatua ya tatu.

Yaliyofuata yalikwenda kama maji kwenye mfereji. Nilifunga diski mpya, nikauweka mfumo mpya unaoiendesha kompyuta, nikairudisha orodha ya Mama Mkunga, nikazima. Mfuniko wa kasha niliurudishia mahali pake kabla Mama Mdogo hajaingia. Najua kwa nini niliurudisha, na msomaji naye anajua.

Saa kumi na dakika tano Mama Mdogo alibonyeza kitufe akitazama saa yake. Kompyuta iliimba wimbo wake mfupi wa kuamka na skrini ikajaa rangi.

"Sekunde kumi na moja!" alipiga kelele. "Jana ilikuwa dakika sita!" Hakufungua mfuniko. Alichukua kadi, akaipitishia jicho kutoka juu hadi chini, kisha pale penye neno *Fundi*, ambapo siku zote huandika jina lake, akaandika: *Kidole*. Alipuliza wino ukauke.

Alipokwenda kuoga nilitoa bisibisi ya nyota kwenye mkoba wake. Skrubu ya nne ikalegea mara moja, kana kwamba haijawahi kunisumbua. Nikaitoa diski ya zamani, nikaufunga mfuniko, safari hii kwa skrubu zote. Ilinichukua dakika nne. Sasa kadi ni ya kweli, nilijiambia. Diski imetoka, au haikutoka?

Jumatano asubuhi niliichomeka diski ya zamani kwenye kompyuta ya karakana nikaifuta yote, kama mteja alivyotaka, nikaitia kwenye bahasha. Mama Mkunga alifika saa sita, mbio mbio. Mama Mdogo alitaka kuijaribu kompyuta mbele yake.

"Fundi, nina mama ana uchungu tangu alfajiri. Mtoto huyo hatanisubiri nitazame skrini. Unaniambia ni nzima?"

"Ni nzima. Kadi hii hapa."

"Basi!" Akaikumbatia kompyuta yake akaondoka.

*

Alhamisi saa nne Mama Mkunga alirudi. Alikuwa ameibeba kompyuta mgongoni, imefungwa kwa shuka jeupe la kliniki, na kona ya kasha ilichungulia begani kama kichwa cha mtoto.

"Fundi," alisema akiifungua mgongoni taratibu, "mtoto wako huyu. Tangu jana hajalia."

"Hajalia vipi?"

"Tumemlisha umeme, tumempapasa, tumembonyeza. Kimya."

Mama Mdogo aliiwasha. Skrini ikabaki nyeusi, na juu kushoto yakajitokeza maneno meupe: *Haikupatikana diski ya kuwashia.* Hapakuwa na wimbo wowote.

Nilirudi nyuma hatua moja, ingawa sikujua bado kwa nini.

"Kesho ni Ijumaa," alisema Mama Mkunga. Hakutania tena. "Nina wanawake thelathini na wanane wanakuja, na wawili kati yao siwezi kuwaacha wakae foleni. Majina yao yamo humo."

"Kidole, kadi."

Nikampa. Mama Mdogo aliisoma kwa sauti, hatua kwa hatua, akigusa kila tiki kwa ncha ya kalamu. Alipopita hatua ya tatu nilitazama feni.

"Kazi ilifanywa sawasawa," alisema. "Hebu tuone."

Aliitoa diski mpya akaichomeka kwenye kompyuta ya karakana. Orodha ilikuwamo, nzima, jina kwa jina. Mama Mkunga alishusha pumzi ndefu. Lakini Mama Mdogo alizidi kukunja uso.

"Majina yapo. Mfumo upo. Kilichokosekana ni mafaili ya kuwashia."

"Ndiyo nini hayo?"

"Ukiiwasha kompyuta, Mama Mkunga, inakuwa kama mtu aliyeshtuka usingizini. Haijui iko wapi. Kwa hiyo inatafuta kibarua, yaani kijikaratasi kidogo sana kilichobandikwa mlangoni, kinachoiambia: mfumo wako umelala chumba kile, nenda ukauamshe. Bila kibarua, mfumo utalala humo mpaka mwisho wa dunia. Tunapouweka mfumo, wenyewe ndio unaokiandika kibarua hicho. Na una tabia moja mbaya: ukikuta diski mbili ndani, unaweza kuhamia kwenye mpya, halafu kibarua ukakibandika kwenye mlango wa zamani. Haukuambii. Ndiyo maana hatua ya tatu iko pale ilipo. Lazima ile ya zamani itoke kwanza."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi. Nilianza kukikunja. Nikakikunja mara mbili, mara nne, mpaka kikawa hakikunjiki.

Sasa nilijua. Jumanne kompyuta iliamka kwa sababu diski ya zamani ilikuwa bado ndani, na kibarua kilibandikwa kwake. Kisha nikaitoa. Kisha, Jumatano, nikaifuta. Nilikuwa nimekichoma kibarua kwa mkono wangu mwenyewe, na pamoja nacho kitu pekee ambacho kingenisema. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kujua.

"Lakini diski ya zamani ilitolewa," Mama Mdogo aliendelea, akigonga kadi. "Kwa hiyo kibarua kiliandikwa humu, na kimepotea humu. Diski inayopoteza mafaili siku ya pili si diski mpya. Mtu ameniuzia kitu kilichotumika."

Akachukua simu. "Kaka Miwani? Njoo karakana. Hapana, sasa hivi. Funga kibanda uje."

*

Mjomba Miwani alifika anahema, miwani ya paji la uso imeteremka mpaka kwenye nyusi. Alitusalimu wote. Alikuwa na kiberiti changu mkononi, lakini alipouona uso wa Mama Mdogo alikirudisha mfukoni.

"Kaka, diski hii uliitoa wapi?"

"Kwenye katoni. Niliifungua mwenyewe. Tarehe niliandika mwenyewe."

"Imekula mafaili ya kuwashia. Siku ya pili tu."

"Haiwezekani."

"Inawezekana, maana iko mbele yako."

"Dada," alisema taratibu, "miaka tisa. Nimewahi kukuuzia hata skrubu yenye kutu?"

"Hujawahi. Ndiyo maana inaniuma. Ningekuwa nimezoea, ningecheka. Umenidhalilisha mbele ya mteja wangu, na si mteja wa kuandika barua za mapenzi, ni mteja mwenye roho za watu. Mafundi wa mtaa huu wote wananunua kwako kwa sababu mimi niliwaambia wanunue. Leo nitawaambia vingine."

Mjomba Miwani alikaa kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza nilimwona bila miwani yoyote. Alizivua zote mbili akawa anafuta moja kwa pindo la shati, macho yake yakiwa madogo na yamelowa kidogo. Kibanda chake hakina ubao wala taa za kumetameta. Kina jina lake jema tu.

"Nionyeshe ramani ya diski," alisema hatimaye.

Mama Mdogo alifungua kwenye skrini picha inayoonyesha jinsi diski ilivyogawanywa. Mjomba Miwani alivaa miwani, akasogea.

"Mafaili ya kuwashia hukaa kwenye chumba chake, kidogo, mwanzoni. Hapa sikioni."

"Si nimekuambia kimeliwa?"

"Kikiharibika kitaonekana kimeharibika. Chumba kitakuwepo, hata kama hakisomeki. Hapa hakuna chumba wala alama ya ukuta. Chumba hiki hakikuwahi kujengwa, dada." Akageuka. "Mfumo huu aliuweka nani?"

"Kidole."

"Na diski ya zamani ilikuwa nje?"

"Koma hapo," Mama Mdogo alisema, akasimama. Si mrefu, lakini akisimama hivyo chumba hupungua. "Usimtie mtoto kwenye hili. Ameandika kwa mkono wake. Tiki hii hapa. Mimi nimemlea mtoto huyu kwenye meza hii tangu alipokuwa anafika hapa." Alionyesha usawa wa droo. "Kama nitachagua kati ya kuamini kwamba umeniuzia kibovu na kuamini kwamba Kidole amenidanganya, sihitaji hata kufikiri."

Angenipiga kofi lisingeniuma hivyo.

Mjomba Miwani aliinuka. "Sawa. Nitakuletea diski nyingine baada ya saa moja, ili mama huyu apate kazi yake. Baada ya hapo tusisumbuane tena." Alifika mlangoni, akakumbuka kitu, akarudi, akaweka kiberiti mezani mbele yangu. Kisha akaenda tena mlangoni.

"Mjomba, usiende."

Sauti ilitoka kabla sijaamua kuitoa.

"Diski yako ni nzima. Mimi ndiye." Nilimtazama Mama Mdogo, kisha nikashindwa, nikatazama kadi. "Skrubu ya nne ilikuwa imelika. Bisibisi ya nyota ulikuwa nayo wewe. Nikaiacha diski ya zamani ndani nikaweka mfumo hivyo hivyo. Nilitia tiki nikiwa sijaitoa. Niliitoa ulipokwenda kuoga. Na jana nikaifuta."

 Mama Mkunga alijikohoza, akajifanya anakunja shuka.

Nilingoja Mama Mdogo apige kelele. Hakupiga. Alivuta kiti, akakaa, akasogeza kadi kwangu pamoja na kalamu.

"Ikate hiyo tiki."

Nikaikata. Mstari ukaenda upogo.

Kisha aligeukia mlangoni. "Kaka Miwani, nimekuita mwongo mbele ya mteja. Nakuomba radhi mbele ya mteja huyo huyo. Nimekukosea sana."

"Mjomba, na mimi naomba radhi," nilisema. "Mama Mdogo, nisamehe. Mama Mkunga, nisamehe na wewe." Kufikia hapo nilikuwa nalia, na maneno yalitoka na kamasi.

"Kelele zimerudi," alisema Mama Mkunga.

Mjomba Miwani alikuwa bado amesimama kizingitini. Alivuta pumzi, akairudisha miwani ya akiba kwenye paji. "Mtu aliyekwisha futa ushahidi," alisema, "halafu akanizuia nisiende... Huyo nitaendelea kumletea skrubu." Akarudi kwenye kigoda. "Lakini wewe dada, chai. Na yenye sukari."

*

Nilidhani Mama Mdogo ataitengeneza mwenyewe. Badala yake alinionyesha kiti chake.

"Chumba hukukijenga, sasa utakijenga."

Nilikaa huku wote watatu wamesimama nyuma yangu. Kwanza tuliinakili orodha ya Mama Mkunga mahali salama. Kisha Mama Mdogo akaniambia nikate kipande kidogo mwanzoni mwa diski mpya. Alikuwa ameniachia nafasi ndogo pale, isiyotosha hata kuweka picha za sherehe moja, kwa kuusogeza mfumo pembeni kwa programu yake. Nikakipa kipande hicho umbo linalosomeka na kompyuta inapoamka. Halafu akanitamkia amri ya mstari mmoja, herufi kwa herufi, ya kuandika upya mafaili ya kuwashia na kuyaelekeza kwenye mfumo ulipolala.

"Kabla hujabonyeza," alisema, "soma umeandika diski ipi."

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika namba ya diski ya kompyuta ya karakana, si ya Mama Mkunga. Nikafuta, nikaandika tena, nikasoma mara mbili kwa sauti. Mjomba Miwani alinong'ona, "Afadhali hiyo."

Nikabonyeza. Tukairudisha diski ndani ya kasha la Mama Mkunga. Niliangalia: diski moja tu. Nikamwita Mama Mdogo aangalie: moja tu. Nikawasha.

Skrini nyeusi. Sekunde mbili. Sekunde tano. Niliuma mdomo.

Ukasikika ule wimbo mfupi.

"Amelia!" Mama Mkunga alipiga vigelegele na makofi kwa pamoja, kama alivyozoea kazini kwake. "Fundi, amelia! Mpe mama yake ashike!" Akafungua orodha yake, akatafuta majina mawili, akayapata, akayagusa kwenye skrini kwa kidole. Kisha akaifunga kompyuta mgongoni kwa shuka jeupe na kutoka nayo, anaimbia mtaa mzima.

Mjomba Miwani alipomaliza chai yake na kuondoka, Mama Mdogo alinivuta karibu mpaka paji langu likagusa bega lake.

"Sikiliza, mwanangu. Kuacha diski ya zamani ndani ni kosa la fundi. Mimi nimelifanya mara mbili nilipokuwa chuoni. Umeona lilivyotibiwa: nusu saa, na wimbo umelia. Lakini ile tiki ilikuwa nyingine. Kwa sababu yake sikuangalia pale pa kuangalia. Niliacha kuamini macho yangu nikaamini kadi. Nikamfukuza mtu mwema. Na ungenyamaza, angekula hasara ya uongo wako maisha yake yote, na mimi ningekuwa nakusifia. Ungeandika tu 'skrubu imegoma', ningerudi, ningecheka, ningekupa bisibisi. Kazi iliyokushinda haina aibu. Iseme."

"Kadi haina mahali pa kuandika hivyo," nilisema kwa sauti ndogo.

Alinitazama. Akaichukua kadi, akaigeuza huku na huku.

"Kweli haina," alisema. "Hilo ni langu."

Jioni ile tulikata maboksi mapya. Kila kadi ikapata safu ya pili ya vijisanduku, na juu yake Mama Mdogo akaandika: *Imegoma kwa sababu*. Na kwa wiki mbili sikuruhusiwa kutia tiki yoyote. Nilifanya kazi, yeye akaja kuangalia, yeye akatia. Hakusahau hata siku moja, ingawa kila asubuhi alinimiminia chai kabla ya kujimiminia yake.

*

Jumamosi ya mwisho ya likizo Mjomba Miwani alikuja na kompyuta yake mwenyewe, ya kibandani. Alitaka diski mpya, haraka, maana mpwa wake alikuwa anaoa saa nane na yeye ndiye aliyeaminiwa kupiga muziki. Mama Mdogo alikuwa kwa mteja na mkoba wake. Kalamu ya tiki ilikuwa imekwisha kurudi kwangu.

Hatua ya kwanza, tiki. Ya pili, tiki. Ya tatu: diski yake ilishikwa na skrubu nne, na ya tatu, sitanii, ilikuwa imelika kichwa.

Niliandika kwenye safu mpya: *Skrubu imegoma. Bisibisi ya nyota iko kwa Mama Mdogo.* Nikaweka kalamu chini.

"Atarudi saa ngapi?" aliuliza Mjomba Miwani.

"Saa sita na nusu."

"Kidole! Nitachelewa. Iache humo humo, utaitoa baadaye. Mimi na wewe tena, si tunajuana?"

"Hapana, Mjomba."

"Tia tiki tu, sitamwambia mtu!"

"Hapana."

Alipiga visigino vya viatu chini, akatazama saa, akatazama saa nyingine ukutani akitumaini itampa jibu zuri zaidi. Watu wanasubiri, alisema. Bibi harusi anasubiri. Mpwa wake atamlaumu mpaka uzeeni. Kisha akakaa kwenye kigoda kwa kishindo.

"Basi angalau niombe radhi kwa kunichelewesha, mtoto wewe."

Nilimsogezea chai, nikatia vijiko viwili vya sukari kama anavyopenda.

"Radhi ya Alhamisi ile nilikuomba kwa machozi, Mjomba, na ilikuwa haki yako," nilisema. "Ya leo siombi."